Kambi Ileile, Misimu Tofauti: Kuwatazama Wanyama Tarangire

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: twende Tarangire mwezi gani? Kazi yangu ni ikolojia ya wanyamapori, na jibu langu halijabadilika kwa miaka. Nenda Agosti, kisha rudi Machi, upige hema palepale. Safari ya kwanza itakuonyesha wanyama. Ya pili itakuonyesha namna wanavyoishi mwaka wao.

Hifadhi hii ya kaskazini mwa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1970, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,850, lakini kipupwe kikikolea maisha yake yote hujikusanya kwenye ukanda mwembamba wa mto. Madimbwi ya nyikani hukauka, nyasi hugeuka rangi ya majani makavu ya mahindi, na nyumbu, pundamilia, nyati na tembo huja kunywa kwenye mto Tarangire. Msimu huo sioni haja ya kuzunguka na gari kutwa nzima. Tafuta kivuli ndani ya eneo la kambi, weka darubini mapajani, tulia.

Tembo ndiye wa kumtazama kwa subira. Pale mto ulipobaki mchanga mtupu, hupigapiga ardhi kwa mguu wa mbele, akachota mchanga kwa mkonga na kuutupa pembeni, mpaka kishimo kikashuka. Halafu anangoja. Maji hujichuja polepole, naye hunywa kidogokidogo. Wakati mwingine huchimba hivyo hata maji yakiwa yanatiririka hatua chache tu kutoka hapo, kwa sababu yale yaliyopita kwenye mchanga ni safi zaidi. Akiondoka, usiinuke bado. Watakuja nyani, ngiri na ndege kunywa kwenye kisima ambacho wasingeweza kukichimba wenyewe. Tazama pia makovu kwenye mibuyu: tembo huchuna magome na kutafuna nyuzi zenye unyevu nyakati za ukame, na makovu mengine ni ya zamani, yameshajifunika gome jipya.

Mibuyu hiyohiyo ndiyo hunipa dalili ya kwanza kwamba vuli inakaribia. Maua yake meupe hufunguka jua linapozama na kuanguka kesho yake, kwa hiyo mgeni wake mkubwa ni popo. Jioni kama hizo zima taa, kaa chini ya mti usikilize. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na kila mwenye mdomo huwafuata, kuanzia ndege hadi mijusi. Korongo weupe nao hufika kutoka Ulaya majira hayo. Andika tarehe ya mambo haya kwenye daftari. Miaka mitatu ya tarehe itakufundisha kuliko picha elfu moja.

Kisha wanyama huondoka. Hapa ndipo wageni wengi huvunjika moyo, na ndipo mimi ninapotaka wafungue macho. Maji yakishapatikana kila mahali, nyumbu na pundamilia hawana sababu ya kung'ang'ania mto. Wengi huelekea mashariki, nyanda za Simanjiro, ambako nyasi fupi zina madini mengi, hasa fosforasi, ambayo mama anayenyonyesha anaihitaji sana. Watoto wa nyumbu huzaliwa huko, nje ya hifadhi, kwenye malisho ya vijiji ambako Wamasai huchunga ng'ombe wao. Wengine hupita kaskazini-magharibi, ushoroba (njia ya wanyama) wa Kwakuchinja, kuelekea Ziwa Manyara. Kwa hiyo mahali mifugo inapolisha na mashamba yanapolimwa huko huamua ni wanyama wangapi utawaona mtoni Agosti. Vipo vijiji vya Simanjiro vilivyokubali kuacha nyanda zao bila kulimwa, na kila mtu aliyefurahia Tarangire ana deni kwao.

Masika, kambi huwa kimya na nyasi hufika kiunoni. Simba utamsikia zaidi ya kumwona. Huo ni wakati wa kutazama kilicho karibu. Hondohondo jike huingia ndani ya tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi, akabaki na ufa mwembamba tu. Humo hunyonyoka manyoya ya kurukia, akalalia mayai, na uhai wake wote hutegemea dume anayeleta chakula kwenye ule ufa. Nimewahi kumhesabu dume mmoja safari zake kuanzia alfajiri mpaka jua la utosi, na sikujutia hata dakika moja.

Jambo moja la usalama, kwa msimu wowote: chakula kilale ndani ya gari, kamwe kisilale hemani. Tembo hunusa tunda kwa mbali, na tumbili aliyezoea mkono wa mtu hugeuka kero ambayo mwisho wake huwa mbaya kwake. Usiku usitembee nje ya mwanga wa kambi.

Mimi hupenda kuwa pale Juni inapoingia. Alasiri moja huonekana vumbi jepesi upande wa mashariki, la kwanza tangu mvua zikatike. Ni pundamilia, na pembeni mwa mama zao wamo watoto wenye manyoya ya kahawia ambao hawajawahi kuuona mto.