Mafuta hayaishi kama tenki la bajaji

Juzi tena. Niko kwa kinyozi, mashine iko kisogoni, jamaa wa kiti cha pembeni anasema mafuta yamebaki ya miaka hamsini tu ndo maana Wazungu wanakimbilia magari ya umeme. Wiki hiyohiyo mjomba katuma hilohilo kwenye grupu la familia, limefowadiwa mara kibao. Mjomba shikamoo. Miaka kumi na mbili nala mkate wa rizavoa, yaani miamba ya chini inayoshika mafuta, naomba niseme mara moja, siku nyingine nitupe linki tu.

Hiyo miaka hamsini wanaipata kwa kuchukua akiba iliyothibitishwa na kugawa kwa matumizi ya mwaka, basi, hesabu ya darasa la nne. Sasa akiba ni nini? Ni yale mafuta ambayo kwa teknolojia ya leo na bei ya leo ukiyatoa unabaki na faida. Bei ikipanda akiba nayo inapanda hata kama hakuna aliyechimba shimo! Mwaka 1980 dunia ilihesabiwa mapipa kama bilioni 680, 2020 ikawa kama bilioni 1,700, na hapo katikati tumechoma miaka arobaini bila kupumzika. Na nikiri, namba nyingine ni za mezani. Miaka ya 1980 nchi kadhaa za OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje na kupangiana kiasi cha kuzalisha, zilipandisha akiba zao ghafla tu, kipindi ambacho kila mtu anavutia mgao wake wa kuzalisha, na sisi mpaka leo tunazibandika kwenye slaidi tunapita kimya kimya.

Afu chini kule hakuna ziwa. Ni jiwe lenye vitundu, fikiria dodoki lililolowa. Ukikamua mara ya kwanza yanamwagika, baadaye matone, na kisima kikizeeka wala hakikauki, kinaanza kukutemea maji, unapandisha pipa moja la mafuta na mapipa tisa ya maji ya chumvi ambayo nayo lazima uyatafutie pa kuyapeleka. Siku maji yanakula hela kuliko mafuta yanavyoleta, tunafunga. Kwa kawaida tunaondoka tumetoa kama theluthi, mengine yamebaki humohumo kwenye jiwe. Anayetangaza kisima kimeisha ni mhasibu.

Hubbert naye, yule mwanajiolojia wa Marekani, mtaniuliza. Alisema 1956 kwamba Marekani itafika kilele cha kuzalisha mafuta karibu na 1970, ikafika kweli, watu wakamfanya nabii, ikaja shale, mafuta ya kwenye jiwe gumu ambalo lazima ulipasue ndo yatoke, leo wanatoa zaidi ya mapipa milioni 13 kwa siku, juu ya kilele kile. Ila visima vya shale vinaporomoka haraka mno, mwaka wa kwanza tu kisima kimepoteza zaidi ya nusu, kwa hiyo mzee msimcheke sana.

Magari sasa. Kama sababu ni mafuta kuisha, nielezeni Norwei. Wanayo, wanauza nje, na 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya kule yalikuwa ya umeme, kwa sababu serikali iliyasamehe kodi miaka na miaka. Ethiopia ndo kinyume, mafuta wananunua nje, dola zikawatoka puani huku mabwawa yana umeme wa bei poa, 2024 wakapiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Betri nayo, 2010 bei ya uwezo wa kuhifadhi kilowati-saa moja ilizidi dola 1,000, 2024 iko kwenye 115 hivi. Na injini ya petroli inafikisha robo hivi ya nishati kwenye tairi, kwingine ni joto tu, aliyewahi kuungua mguu na egzosi ya bodaboda anaijua hiyo hesabu.

Kinachoninyima usingizi mimi ni bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443, na lazima lipashwe moto njia nzima maana mafuta yale yana nta. Niliwahi kushika chupa ya sampuli nikaipindua juu chini, hayakumwagika, yameganda kama samli ya Njombe asubuhi. Kuwepo yapo, mjomba. Ila bomba linajengwa litumike miaka ishirini na zaidi, na huko mwisho sijui mnunuzi atalipa dola ngapi kwa pipa, na wenzangu wanaojifanya wanajua nao hawajui.