Je, wajua kwa nini nchini Ujerumani hakimu ndiye anayemhoji shahidi?

Aliyezoea mahakama za Tanzania au Kenya, ambako wakili humwongoza shahidi wake kisha wakili wa upande wa pili husimama kumdodosa, atashangaa akiingia katika mahakama ya madai ya Ujerumani na kukuta mawakili wametulia huku hakimu akiuliza maswali mwenyewe.

Utaratibu huo umo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1877, ambayo ilianza kutumika mwaka 1879 na, ingawa imerekebishwa mara nyingi, inatumika hadi leo. Katika madai ya kawaida hakuna baraza la raia linaloketi kuamua nani anasema kweli. Hakimu huamua yaliyotokea na pia sheria inayohusika. Kwa hiyo jalada hujengwa polepole kwa maandishi ya pande zote mbili, na siku ya kusikilizwa ikifika hakimu amekwisha kulisoma na anajua ubishi uko wapi.

Tuseme fundi bomba anadai ujira wake, na mwenye nyumba anakataa kulipa kwa kuwa mabomba yanavuja. Jambo lililotajwa na upande mmoja lisipopingwa na mwingine huhesabiwa kuwa limekubaliwa, wala halihitaji shahidi. Linalobishaniwa, kwa mfano kama mabomba yalivuja kabla au baada ya mwenye nyumba kuyagusa, ndilo ambalo hakimu huliitia ushahidi, akieleza ni shahidi yupi atakayesikilizwa juu ya jambo lipi. Shahidi huachwa kwanza asimulie kwa mfululizo yale anayoyajua; hakimu humuuliza palipobaki giza, na baada yake mawakili hupata nafasi yao, ambayo mara nyingi ni fupi.

Ikihitajika elimu ya ufundi, mahakama yenyewe humteua mtaalamu. Kwangu mimi hili ndilo jema kuliko yote katika mfumo huu, kwa sababu mtaalamu huyo hakuchaguliwa na fundi wala na mwenye nyumba.

Hata hivyo, hakimu si mpelelezi. Wenye shauri ndio wanaoleta mambo yao mbele yake, naye hawezi kwenda kutafuta wasiyoyataja, ijapokuwa kifungu cha 139 kinamtaka awadokeze mapema pale maelezo yao yanapopungua, ili hukumu isimfikie mtu kwa ghafla. Udhaifu mkubwa uko kwenye nyaraka. Mdai hana haki ya jumla ya kupekua makabati ya mpinzani wake. Mahakama inaweza kuamuru hati iletwe, lakini lazima ielezwe ni hati gani, na mtu wa kawaida anayeishtaki kampuni kubwa mara nyingi hajui hata kama hati hiyo ipo.