Kihatarishi, hatari na dozi: wanaopima sumu kazini wanatafuta nini hasa?

Wengi wakisikia kuna wataalamu wa kuchunguza sumu kazini na kwenye mazingira wanafikiri kazi yao ni kuja na mashine, kuinyoosha hewani, ikipiga kelele wanasema hapa pana sumu basi wanaondoka. Kujua sumu ipo ndo sehemu rahisi. Shughuli iko kwenye kujua imemwingia nani, kiasi gani, kwa njia gani na kwa muda gani.

Tuanze na maneno mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Kihatarishi ni kile kitu chenyewe chenye uwezo wa kudhuru, hatari ni uwezekano wa wewe kudhurika nacho. Chukua dumu la thina. Likiwa limefungwa vizuri, liko stoo ambayo mtu haingii, kihatarishi kipo lakini hatari ni ndogo. Sasa fundi rangi kamaliza kazi, kamimina thina kwenye kopo ananawia mikono mpaka viwiko, chumba kimefungwa, na anafanya hivyo kila jioni mwaka wa kumi huu. Thina ni ile ile. Ila sasa inaingia kwa pua na inaingia kwa ngozi pia, na hii ya ngozi watu huwa wanaisahau kabisa, unamkuta mtu kavaa barakoa nzuri huku mikono imelowa.

Kiasi kinachoingia mwilini ndo dozi, na dozi haipimwi kwa macho. Mfano mzuri ni vumbi la mawe, lile lenye silika (madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga) linaloharibu mapafu ya wachimbaji na wakata mawe. Mpimaji anamfunga mfanyakazi kipampu kidogo kwenye mkanda, mpira unapita mgongoni mpaka kwenye kola karibu na pua, mwisho wake kuna kifaa kinachochuja vumbi kubwa ili filta ikamate lile laini tu linalofika ndani ya mapafu. Kipampu kikivuta lita 2 kwa dakika, zamu ya saa 8 ni lita 960, karibu mita moja ya ujazo. Kiwango cha Marekani tangu 2016 ni mikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo, na mikrogramu elfu moja ndo miligramu moja. Yaani filta ikibeba silika yenye uzito unaokaribia punje moja tu ya chumvi ya mezani, umeshafika ukingoni! Halafu kumbuka mtu anayefanya kazi anavuta hewa nyingi kuliko kipampu, hukadiriwa mita 10 za ujazo kwa zamu. Ndo maana mimi mtu akiniambia "mbona hewa inaonekana safi" huwa nanyamaza tu.

Sasa ukitoka kazini kwenda kwenye mazingira ya kawaida, hesabu inabadilika. Vumbi la kawaida lisilo na sumu maalumu, lile laini la kufika mapafuni, sheria ya Marekani kazini inaruhusu miligramu 5 kwa mita ya ujazo. Kwa hewa ya mtaani, Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri chembe laini zisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Tofauti ni mara elfu moja! Chembe zenyewe hazilingani na vipimo vimewekwa kwa namna tofauti, sawa, lakini sababu nyingine kubwa ni anayevuta. Kazini tunamfikiria mtu mzima mwenye afya, saa 8, halafu anaenda kupumzika. Mtaani kuna kichanga, mjamzito, mzee mwenye pumu, na hawana zamu, wanavuta usiku na mchana.

Na mpaka wenyewe kati ya kazini na nyumbani unavuja. Kuna wanawake waliopata saratani ya asbesto, yale madini yenye nyuzi laini, bila kukanyaga kiwandani hata siku moja, walichofanya ni kukung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao.

Asbesto inatuleta kwenye muda. Saratani yake mara nyingi hutokea miaka 20 mpaka 40 baada ya mtu kuvuta zile nyuzi, mtu keshastaafu, kiwanda kimevunjwa, na daktari hana habari. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika tangu 1700 kwamba mgonjwa aulizwe pia anafanya kazi gani, na mpaka leo hospitali nyingi swali hilo linarukwa.

Halafu kuna mtego mmoja unaowapata hata wasomi. Unapima wafanyakazi wa kiwanda, unawalinganisha na watu wa nje, unakuta wa kiwandani wana afya nzuri zaidi, unasema kumbe vumbi halina shida. Kumbe wagonjwa hawakuajiriwa tangu mwanzo, na waliougua wakiwa kazini walishaacha, uliowakuta ni wale waliobaki. Kwa hiyo inabidi uwalinganishe na wenzao wa kiwanda hicho hicho wasiogusa vumbi, na uwafuate hata walioondoka, na kumpata mtu aliyeacha kazi miaka 15 iliyopita, kahama, kabadilisha namba ya simu, hiyo nayo ni kazi nyingine kabisa.