Mzimu wa Gede hana simu

Watoto wakishuka matatu pale Gede, mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya, huwa wanapiga kelele kama kunguru wa sokoni Malindi. Wakishapita lango la magofu, sauti zinashuka zenyewe. Mibuyu imekaa juu ya kuta, kima wanachungulia, na njia ina kivuli hata saa sita mchana. Hapo lazima mmoja aulize: "Mwalimu, ni kweli kuna mizimu?"

Nafundisha historia na utunzi wa hadithi kwa watoto wa gredi ya nne hadi ya sita, na swali hilo silijibu. Nawapa tu yanayosimuliwa: kwamba wazee wa mji huu hawakuondoka, wanalinda kuta zao, na mwenye kuziharibu hupatwa na mabaya. Nawaongezea kuwa hata James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba hapa kuanzia 1948 hadi 1958, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Akaendelea kuchimba.

Kisha natoa sharti. Kila mtoto atunge mzimu wake, amfanye atakavyo, ila mzimu huyo asishike kitu ambacho hakikuokotwa Gede.

Sharti hili nililipata kwa kuchoka. Mwaka wa kwanza niliwaacha huru, nikaletewa mizimu ya televisheni: meno marefu, joho jeusi, damu mpaka ukurasa wa pili. Mmoja alikuwa na simu. Siku hizi naanza na majina ya nyumba, maana nyumba nyingi hapa zimeitwa kwa vitu vilivyokutwa ndani: mkasi, taa ya chuma, sarafu za Kichina, kasha la pembe, ushanga wa Venice. Mtoto anachagua nyumba, na mzimu anatoka humo. Aliyepata sarafu ataniuliza mwenyewe Mchina alifikaje porini, na hapo tunaingia kwenye majahazi, bahari na pepo za kaskazi na kusi. Nisingeweza kupanga somo hilo vizuri zaidi. (Vyoo vya kale navyo vina wapenzi wao. Kila kundi lina mtoto mmoja wa mzimu wa chooni, nami nimeshakubali.)

Kuna kaburi lililochongwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Mvulana mmoja alimtoa humo mzimu wa kutisha, akawa anawalaani Wareno usiku kucha. Mwenzake akamkatiza: Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, mtu huyu alishalala miaka tisini na tisa, Mreno atamjulia wapi? Walibishana mpaka tukakosa muda wa kula. Suluhisho alilitoa mtunzi mwenyewe: mzimu alisikia habari kutoka kwa wafu waliomfuata. Nilimpa alama zote.

Wazazi wengine huja na wasiwasi, na si wa bure. Wapo wanaoona hizi ni habari za shirki. Nawaambia tunatunga, hatuombi chochote kwa mtu, na mtoto anayeogopa giza simpeleki magofuni kwa nguvu. Koma za Wagiriama, yaani roho za wazee wao, na vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka, sivigusi kabisa. Wale ni wazee wa watu, wenye wajukuu waliokaa humu darasani.

Lakini panapozaa hadithi nzuri kuliko pote ni kisimani, karibu na Msikiti Mkuu. Kwa nini mji wenye kuta, jumba la kifalme na misikiti uhamwe? Zipo sababu zinazotajwa: uvamizi wa Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwaka 1589, msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini, na maji kushuka ardhini. Kwa mtoto, uvamizi ni sinema. Maji anayajua. Nikiwaonyesha kuwa kisima hiki kilichimbwa tena, kikaongezwa kina, wananyamaza kwa namna nyingine.

Binti mmoja wa gredi ya tano aliandika mzimu asiyetisha hata kidogo. Mwanamke anakuja kila alfajiri kuteka maji, na kila mwaka anaunga kipande kingine kwenye kamba. Hadithi nzima ni mafundo ya kamba. Fundo la harusi ya binti yake, fundo la mwaka ambao jirani alihama, fundo ambalo hakumbuki alilifunga kwa nini.

Nilimuuliza kamba ile ilifika urefu gani. Hakujua. Jumamosi iliyofuata alikuja na kamba ya mjomba wake mvuvi, ameiviringisha begani, akataka kupima. Mlinzi akatukataza kuinama kisimani, na alikuwa na haki. Tukaikunjua kando ya ukuta wa msikiti, yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukawa tunahesabu hatua huku kima wakitutazama.