Kuchomoa betri si kipimo cha altaneta

Wengi huamini kwamba ukichomoa waya wa betri injini ikiunguruma na gari lisizime, altaneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) ni nzima. Kutozima huonyesha tu kuwa umeme kidogo unatoka, na volti zikiruka ghafla huweza kuunguza dayodi (vipande ndani ya altaneta vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu), hata redio.

Multimita, yaani kipima umeme, ni salama zaidi. Injini ikiwaka, betri ya gari la zamani isome volti 13.8 hadi 14.5. Ikiwa chini, usikimbilie kununua altaneta. Injini bado ikiwaka, washa taa, gusa kwa ncha moja ya multimita boliti ya waya mnene nyuma ya altaneta na kwa nyingine chanya ya betri: ikizidi volti 0.5, waya huo au viungo vyake vina hitilafu. Kwa magari ya Mtwara na Lindi, chumvi ya bahari ndiyo mshukiwa wa kwanza: unga wa kijani ndani ya kishikizo cha waya kinachoonekana kizima kwa nje. Zima injini, fungua hasi ya betri, piga msasa, kaza.