Hedifoni zilizofungwa: yanayosemwa mezani na yanayosikika kichwani

"Papa, kaske (hedifoni) hii iko na besi." Kwenye meza za Soko la Kenya hapa Lubumbashi, na hata katika maduka ya vioo ya katikati ya mji, mauzo mengi huanzia na kuishia hapo. Mnunuzi anaivaa, anasikia ngoma ikidunda, anatoa dola zake. Akifika nyumbani anakuta waimbaji wamezama na gitaa halijulikani liko wapi. Kazi yangu ni kurekodi kwaya, na waimbaji huniuliza mara kwa mara wanunue hedifoni gani. Kuwatajia modeli huwafaa kidogo tu, maana siku wakienda sokoni modeli hiyo haipo. Kinachowafaa ni kujua wasikilize nini wakiwa bado wamesimama mbele ya muuzaji, na maneno gani ya mezani, kama haya ninayoyanukuu kwenye vichwa vya chini, wasiyaamini.

Hedifoni zilizofungwa ni zile ambazo mgongo wa kikombe ni mzima. Wenzake, zilizo wazi, zina wavu au matundu nyuma, na sauti hutoka na kuingia bila kizuizi. Katika mji wa jenereta, vipaza sauti vya makanisa na wapiga debe wa taksi, wengi wetu tunahitaji zilizofungwa. Lakini ndizo ngumu kuzitengeneza vizuri. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa nguvu ile ile. Ile ya nyuma, kwa kuwa haina pa kutokea, hugonga ukuta wa kikombe na kurudi. Mtengenezaji huituliza kwa sponji, kwa vitundu vidogo vya kupumulia na kwa umbo la kikombe chenyewe. Tabia ya sauti huzaliwa humo.

"Zilizofungwa lazima ziwe na besi nyingi"

Besi ya hedifoni iliyofungwa inategemea kitu ambacho hakiandikwi kwenye kasha: jinsi mto unavyoziba kuzunguka sikio. Hewa ikipata upenyo mdogo tu, sauti za chini kabisa ndizo hupotea kwanza. Mikono ya miwani hufungua upenyo huo. Nywele za kusuka, wigi na ndevu nene pia. Mama aliyesuka na kijana aliyenyoa kipara wanaweza kuvaa hedifoni moja, kwa wimbo mmoja, na kila mmoja akasikia besi tofauti, na wote wawili wakasema kweli. Kwa hiyo sifa za rafiki hazitoshi, na nenda dukani ukiwa na miwani yako na nywele zako kama unavyokaa kila siku.

Jaribio lake ni rahisi. Wimbo ukiwa unacheza, bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, hedifoni hiyo haikuzibi vizuri kichwani mwako. Kisha inua ukingo wa mto kidogo kwa kidole: besi ikipotea ghafla, ujue awali ilikuwa imeziba. Usisahau pia kwamba mito huchakaa. Ngozi ya bandia ikianza kubanduka, hewa hupita, na hedifoni uliyoipenda hubadilika sauti ingawa spika ni nzima. Mito ya kubadilisha inayouzwa kwa jozi nayo huweza kugeuza sauti, kwa sababu unene wake huamua sikio likae mbali kiasi gani na spika.

Halafu kuna besi na besi. Uzi wa chini wa gitaa la besi hutoa takriban Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida huanzia takriban Hz 82, na sauti ya mwanamume akizungumza huanzia karibu hapo hapo. Hedifoni nyingi za bei nafuu hazina nguvu kule chini penye 41. Zimeinuliwa kati ya Hz 100 na 200, mahali ambapo dundo husikika haraka na kumfurahisha mnunuzi. Uvimbe huo hukaa juu ya gitaa na juu ya sauti za wanaume.

Rumba yetu ni kipimo kizuri kuliko wimbo wowote wa majaribio. Chagua wimbo unaoujua tangu utotoni, subiri sebene, sehemu ya kuchezesha ya magitaa, ianze, kisha uache kusikiliza gitaa la solo ambalo kila mtu hulisikia. Fuata mi-solo, gitaa la kati kati ya solo na la kusindikiza. Ikiwa inafifia kila mara besi inapopiga, uvimbe upo. Baada ya hapo fuata gitaa la besi lenyewe linaposhuka noti kwa noti. Kila noti inapaswa kusikika kwa uzito unaokaribiana na wa jirani yake. Noti moja ikinguruma na inayofuata ikatoweka, wakati kwenye hedifoni nyingine haifanyi hivyo, unasikia kikombe kikiitikia, wala si mpigaji. Hili likishakuingia sikioni hutalikosa tena, na nadhani ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote ninayoyataja hapa.

Usidai besi nzito kutoka kwenye magitaa makavu (yasiyotumia umeme) ya Katanga ya miaka ya 1950. Nyingi ya rekodi hizo zina gitaa na sauti ya mtu, basi. Zitumie kupimia sauti za kati: kidole kikigusa uzi, pumzi ya mwimbaji, mti wa gitaa. Zikisikika kama zinatoka ndani ya pipa, irudishe hedifoni mezani.

"Spika ya milimita 50 inaishinda ya 40"

Ukubwa wa spika peke yake hauelezi sauti. Sony MDR-7506, hedifoni iliyofungwa iliyotoka mwaka 1991 na ambayo bado ipo katika studio na redio nyingi duniani, ina spika ya milimita 40. Audio-Technica ATH-M50x ina ya 45. Mvutano wa utando, sumaku, kikombe na mto huamua zaidi.

"Kasha limeandika Hz 5 hadi 40,000"

Sikio changa lenye afya husikia takriban Hz 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua kadiri umri unavyosonga. Tena, namba hizo bila kusema sauti hushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwenye ncha hazina maana. Hedifoni inaweza kutoa Hz 5 kwa unong'ono usiosikika na bado kasha likaiandika. Ruka mstari huo.

"Omu nyingi ni dalili ya ubora"

Omu hupima ukinzani wa hedifoni kwa umeme. Hedifoni ya Beyerdynamic DT 770 Pro imeuzwa katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Ya 250 hutaka volti nyingi zaidi kuliko simu nyingi zinavyoweza kutoa, hivyo kwenye simu husikika hafifu na mtu husema imekufa. Haijafa, imekosa amplifaya. Kama utasikilizia simu, ijaribu kwa simu yako mwenyewe, na hakikisha inafikia sauti ya kutosha kabla hujafika mwisho wa kitufe.

"Iliyopiga kwa nguvu ndiyo nzuri"

Hapa ndipo watu wengi hupotezwa, mara nyingi bila muuzaji kukusudia. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba masikio yetu hayasikii masafa yote, ya chini na ya juu, sawasawa, na kwamba sauti ikipunguzwa, besi hufifia kuliko sauti za kati. Maana yake, ukilinganisha hedifoni mbili na moja ina sauti kubwa kidogo, hiyo itaonekana ina besi nene na uhai zaidi, hata kama si bora. Kwa kuwa kila hedifoni hupokea umeme wa simu kwa kiwango chake, kuacha sauti ya simu mahali pale pale hakutoshi. Tumia sauti ya mwimbaji: rekebisha mpaka maneno yake yawe sawa kwa kila hedifoni, ndipo ulinganishe vilivyobaki. Kabla ya yote zima ikolaiza (kirekebishi cha sauti za chini na za juu) na kila kitu cha kuongeza besi kwenye simu, maana la sivyo unapima simu.

Hili ni suala la afya pia. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Hedifoni inayoziba vizuri hukuruhusu kusikiliza kwa sauti ya chini katikati ya kelele, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua.

"Ukiivaa, jenereta haisikiki"

Kikombe kilichofungwa huzuia vizuri sauti za juu: mazungumzo, filimbi, honi. Mngurumo wa jenereta ni sauti ya chini, na hiyo hupenya. Hedifoni zinazozima kelele kwa umeme, kwa kusikiliza kelele na kutoa sauti inayoipinga, hufanya kazi zaidi upande huo wa chini. Nyingi kati yake hubadilika tabia ya sauti ukiizima sehemu hiyo, kwa hiyo zisikilize kwa hali zote mbili.

"Nzito na ghali, basi ni nzuri"

Uzito huongezwa kwa kipande cha chuma. Kuhusu bei, mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyotoa masafa. Bei inaweza kukununulia bawaba imara, waya unaochomoka na mito inayobadilishika, na hivyo vina faida. Katika soko lililojaa bidhaa za kuiga, bei ya juu haithibitishi hata kwamba jina lililobandikwa ni la kweli.

"Sasa ni kali, ila itafunguka ukiichezesha"

Mito hulainika na kukaa vizuri zaidi, ndiyo. Masikio yako nayo huzoea. Lakini usinunue hedifoni inayokuchoma kwa ahadi kwamba itabadilika. Pima ukali kwa wimbo wa kwaya wenye "asante sana" au "Yesu wa msalaba". Herufi s huishi takriban kati ya Hz 5,000 na 9,000, na Kiswahili hakitunyimi s. Ikiwa kila s inatoboa wakati mwimbaji yuko kwenye sauti ya kawaida, baada ya nusu saa utaivua. Omba uivae muda mrefu kidogo. Muuzaji mwema atakuachia, na akikataa nenda meza ya pili.

"Piga simu uone sauti yake"

Jaribio hili hupendwa kwa hedifoni za Bluetooth, nalo hudanganya. Kwenye Bluetooth ya kawaida, kipaza sauti kikifunguka hedifoni huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, mara nyingi yenye sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 au 16,000 kwa sekunde, masikio yote mawili yakipata sauti moja. Hapo hakuna kinachopita juu ya nusu ya namba hizo, yaani Hz 4,000 au 8,000. Simu itakuonyesha kama unasikika upande wa pili, lakini tabia ya muziki utaijua ukikata simu na kusubiri wimbo urudi. Kama hedifoni ina tundu la waya, chomeka pia: kwa baadhi yake, sauti ya waya hairekebishwi na programu iliyomo ndani, na unaweza kukuta besi uliyoipenda imebaki kwenye Bluetooth.