Mnara Haujui Kwamba Unampigia Dada Yako

Msimu wa korosho uliopita tulikwenda kijiji kimoja cha mkoa wa Mtwara, kusini kabisa karibu na Mto Ruvuma, kutoa elimu ya sheria. Tulijiandaa kuzungumzia mirathi na mipaka ya mashamba, mambo ambayo kituo chetu cha msaada wa kisheria huulizwa kila wiki. Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, pembeni ya ofisi ya mtendaji. Kijana mmoja akauliza kama ni kweli serikali inaweza kujua kila anayempigia simu, na mirathi ikaishia hapo.

Mzee aliyekaa mbele alimjibu kabla yangu. "Mwanangu, mimi sina cha kuficha. Wakitaka kusikiliza simu yangu wasikilize, watasikia bei ya salfa ya mikorosho." Watu wakamuunga mkono. Nyuma kabisa mama mmoja anayeuza ng'onda, samaki wa kukausha, akanyoosha mkono, akasubiri kelele zitulie, akasema: "Mimi nina dada yangu anakaa Palma, ng'ambo Msumbiji. Kila Ijumaa nampigia. Sasa mimi wataniweka kundi gani?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa mzee yule pia, kwa sababu naamini hoja ya "sina cha kuficha" inawaumiza watu wasiokuwa na kosa lolote.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulielewi. Mtu akisikia simu inafuatiliwa, anawaza ofisa amekaa mahali na visikilizi masikioni, anasikiliza maneno. Hilo linawezekana, lakini linataka watu, muda na lugha. Atakayesikiliza Kimakonde cha Newala lazima awe anakijua. Rahisi zaidi ni kuchukua rekodi za mawasiliano, yaani ile orodha ambayo kampuni ya simu inayo kuhusu kila laini: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo, na mnara uliobeba simu. Ndani yake hakuna neno hata moja ulilolisema. Kompyuta inaweza kuzisoma orodha za watu milioni moja bila kuchoka na bila mkalimani.

Chukua rekodi ya yule mama. Ijumaa, saa 2:14 usiku, dakika 6, namba ya Msumbiji. Ijumaa inayofuata, saa 2:20, dakika 4, namba ileile. Kisha wiki tatu kimya. Kisha simu 11 kwa siku moja, mbili tu zikapokelewa. Mtu wa kijijini kwao akisoma hapo anaelewa mara moja: dada alikuwa mgonjwa, au kulikuwa na vurugu na ndugu wanatafutana. Anayesoma akiwa mbali, amepewa kazi ya kutafuta namba zinazowasiliana na eneo la vita, anaona kitu kingine kabisa. Mnara haujui undugu. Haujui kwamba Mto Ruvuma ulifanywa mpaka na wageni, na kwamba Wamakonde wamekaa kingo zote mbili tangu kabla ya mpaka huo kuchorwa.

Rekodi hizo zina mengi zaidi. Anayepiga simu kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU kila mwezi tarehe zilezile, anayempigia wakili mara tatu katika wiki moja, mtumishi anayezungumza na mwandishi wa habari saa 5 usiku. Hakuna aliyesikiliza kitu, lakini siri zao zimekwisha kusomwa. Ndiyo maana namwambia mzee wangu kwamba faragha haihusu kuficha uovu. Unapofunga mlango wa bafu nyumbani kwako, hakuna jirani anayeuliza unafanya uhalifu gani humo.

Sisemi haya kama mtu asiyejua hofu ya mpakani. Vita ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji ng'ambo ya mto, ilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la mji wa Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakaingia Kitaya, kijiji cha huku kwetu Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 Palma yenyewe ikavamiwa. Nimekaa na watu waliolala porini usiku ule wa Kitaya. Wana haki ya kulindwa, na ulinzi bila taarifa haupo. Serikali isiyojua nani anavuka mto kwa boti usiku haiwezi kuwalinda. Kwa hiyo hapa hatubishani kama vyombo vya dola vipeleleze au visipeleleze. Vipeleleze. Tunabishana juu ya nani anapelelezwa, kwa sababu gani, kwa kiasi gani, na nani anamkagua mpelelezi.

Kuna wanaojibu kwamba ukikusanya rekodi za watu wote huwezi kumkosa mbaya. Marekani walilijaribu hilo. Juni 2013 Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi humo kwa mkataba, alipotoa nyaraka za shirika la upelelezi la NSA, dunia ilijua kwamba shirika hilo lilikuwa linachukua rekodi za simu za mamilioni ya Wamarekani kila siku, wengi wao wasioshukiwa lolote. Serikali ikajitetea kwamba bila hivyo ugaidi hauzuiliki. Januari 2014 bodi huru ya serikali yao wenyewe, iliyopewa ruhusa ya kuona siri, ikatoa ripoti: haikupata hata tukio moja la tishio kwa Marekani ambalo mpango huo ulibadilisha kwa dhahiri matokeo ya upelelezi dhidi ya ugaidi. Mwaka 2015 Bunge lao likausimamisha ukusanyaji ule wa jumla. Anayetafuta sindano hasaidiwi kwa kuongezewa majani. Kitaya ingesaidiwa na nini? Wenyeji wanaojua njia za mtoni, na wanaoweza kumweleza polisi walichokiona bila kuogopa kwamba wao wenyewe ndio watakaoanza kuhojiwa. Mtu anayeamini kwamba simu yake inatazamwa hapigi simu kutoa taarifa. Hilo nimelisikia vijijini zaidi ya mara moja, na kwangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Sasa sheria zetu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara ndogo ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa mara nyingi hurukwa. Inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha ya mtu inaweza kuingiliwa. Maneno matatu: hali, namna, kiasi. Waandishi wa Katiba hawakusema faragha haiguswi. Walisema ikiguswa, sheria ieleze inaguswa wakati gani, kwa njia gani, na mwisho wake ni wapi.

Ipime Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa maneno hayo. Kifungu cha 32, kama kilivyopitishwa, kinampa ofisa polisi mkuu wa kituo, au ofisa wa vyombo vya dola wa ngazi kama hiyo, mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi wa jinai azitoe. Hali imetajwa: upelelezi au mashtaka ya jinai. Namna imetajwa: amri ya ofisa. Lakini anayetaka taarifa na anayeamua kwamba zinahitajika ni wa ofisi ileile, na kiasi hakina mpaka ulio wazi. Rekodi za wiki moja ni sawa na za miaka mitatu? Za mshukiwa peke yake, au na za wote aliowapigia, pamoja na dada yake? Mimi ni mwanasheria na nasema wazi: penye swali la namna hii anatakiwa hakimu. Tumezoea kwamba nyumba ya mtu haipekuliwi hivihivi bila hati. Simu ya leo ina mambo mengi kuliko nyumba.

Hatua kubwa imepigwa upande mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria hii inazibana taasisi za umma na za binafsi kwa pamoja. Taarifa zako zikichukuliwa uelezwe ni za kazi gani, zisitumike kwa kazi nyingine, uwe na haki ya kuziona na kuzisahihisha, na ukidhurika uweze kulalamika Tume na kudai fidia. Miamala yako ya fedha na alama zako za vidole zimo katika kundi la taarifa nyeti. Palipo na pengo ni kwenye misamaha: usalama wa taifa na kuzuia uhalifu vimewekwa kando ya masharti mengi. Msamaha wenyewe naukubali. Msamaha usio na mkaguzi siukubali.

Huku kwetu neno "kazi nyingine" lina uzito wa pekee. Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anaandikishwa ili apate salfa na mbolea: jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), simu, ukubwa wa shamba. Daftari hilo ni jema, limepunguza wakulima hewa. Lakini kesho likitumika kumtafuta nani anauza kangomba, yaani korosho kwa walanguzi nje ya chama, au nani alihudhuria mkutano gani, mkulima atakuwa ametoa taarifa kwa jambo moja na kuhukumiwa nazo kwa jambo jingine. Muulize karani wa AMCOS, chama chenu cha ushirika, daftari linakaa wapi na nani analifungua. Una haki ya kuuliza, na yeye ana wajibu wa kukujibu.

Majirani zetu Kenya wametufundisha jambo. Waliandikisha watu kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, mwaka 2019. Wananchi wakaenda Mahakama Kuu, na Januari 2020 majaji watatu wakaruhusu mpango uendelee kwa sharti la kuwekewa kwanza utaratibu kamili wa kisheria, huku wakizuia ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali halisi pa makazi ya mtu. Oktoba 2021 mahakama hiyo ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha, kama sheria yao ya 2019 inavyotaka. Nchi haikuanguka. Serikali ilirudishwa mezani ikafanye kazi yake kwa mpangilio, na kazi hiyo tungeweza kuifanya hapa kabla ya kushtakiwa.

Niseme na jambo letu wenyewe, la kaya zetu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika ukingoni Januari 2020, wazee wengi wa vijijini walikuwa hawajapata namba za NIDA. Mtoto akamsajilia mama, mjukuu akamsajilia babu, na wengine wakamsajilia rafiki kwa wema tu. Laini hizo bado zinatumika, nyingine na watu tusiowajua. Ujumbe ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukitoka kwenye laini yenye jina lako, rekodi inakutaja wewe. Kituo chetu kimempokea kijana aliyehojiwa siku mbili kwa kosa la mtu ambaye yeye kijana alimsajilia laini kwenye foleni. Piga *106# utazame namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika uiondoe. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma, vitume kwenda 15040.

Na hizi fotokopi! Mwezi uliopita nilinunua karanga Mtwara mjini, karibu na soko. Karatasi iliyofungia ilikuwa fotokopi ya kitambulisho cha taifa: sura ya mwanamke, tarehe ya kuzaliwa, namba yote, na saini yake chini. Kuna ofisi iliichukua kwa shughuli fulani, ikaitupa. Nilikwenda nayo nyumbani nikaichoma. Ukitoa nakala, andika juu yake kwa kalamu imetolewa kwa nani, kwa kazi gani na tarehe gani. Haizuii kila kitu, lakini inamnyima mwizi nakala safi.

Kwa wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi nina maombi matatu, na nitayarudia kila nikipewa nafasi. Rekodi za simu za mwananchi zisichukuliwe bila kibali cha mahakama, isipokuwa pale maisha yako hatarini, na hapo kibali kiombwe ndani ya muda mfupi baadaye. Kila anayefungua rekodi hizo aache jina lake, saa na sababu, na Tume iwe na mamlaka ya kukagua kumbukumbu hizo hata pale palipotajwa usalama wa taifa. Na mtu aliyepelelezwa akaonekana hana kosa aambiwe, upelelezi ukishakwisha. Hili la tatu ndilo wengi hulikataa, na ndilo ninalolitaka zaidi. Asiyejua kwamba ameingiliwa hana njia ya kulalamika, hata kama Tume iko wazi saa zote.

Wiki iliyofuata baada ya mkutano ule nilirudi kijijini kuchukua karatasi za mirathi. Mama wa ng'onda alikuwa ameketi na beseni lake barazani. Tukapiga *106# pamoja, tukakuta laini mbili: yake, na nyingine aliyomsajilia shemeji yake, ambaye kwa sasa hajulikani alipo. Akaandika namba hiyo kwenye kipande cha boksi ili aende kuifuta mjini siku ya gulio. Kisha akaniuliza tena kama ampigie dada yake Ijumaa.

Nikamwambia ampigie.